Baada ya Hukumu: Benjamin Ferencz na Haki ya Waliodhulumiwa

Mwendesha mashtaka hana mteja. Jalada lake hubeba jina la dola. Katika mahakama za Tanzania na Kenya huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeibiwa, aliyejeruhiwa au aliyefiwa huitwa kama shahidi. Hupanda, hula kiapo, hujibu maswali, hushuka na kwenda zake. Hukumu ikishasomwa, mshtakiwa hupelekwa gerezani au huachiwa huru, jalada hufungwa, na shahidi hurudi nyumbani mikono mitupu kama alivyokuja.

Wakili wa maslahi ya umma huanzia hapo. Husimama na watu wasio na uwezo wa kumlipa, au watu ambao dhuluma waliyofanyiwa ni kubwa mno kwa mmoja wao kuibeba peke yake mahakamani. Anachokidai aghalabu si kifungo. Hudai nyumba irudishwe kwa wenyewe, fidia ilipwe, sheria mbovu ifutwe, au kiundwe chombo cha haki ambacho hakijawahi kuwepo. Anayehama kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili hubaki mwanasheria yuleyule, lakini huziacha nyuma nguvu za dola, na hulazimika kujifunza upya maana ya kushinda.

Wanasheria wengi wamevuka mstari huo. Aliyeuvuka mapema, akakaa ng'ambo ya pili kwa muda mrefu kuliko karibu wote, ni Mmarekani Benjamin Ferencz. Aliongoza mashtaka ya kesi moja ya jinai akiwa kijana, akaishinda, kisha akatumia zaidi ya miaka 70 iliyofuata kushughulikia yale ambayo hukumu ile haikuweza kuyagusa.

Ferencz alizaliwa tarehe 11 Machi 1920 huko Transylvania, wakati eneo hilo likitoka mikononi mwa Hungary kwenda Romania. Wazazi wake, Wayahudi maskini, walimvusha bahari akiwa angali mchanga, wakaishia Hell's Kitchen, mtaa wa New York uliokuwa na sifa mbaya ya uhalifu. Baba alikuwa fundi viatu mwenye jicho moja. Marekani alipata kazi ya kutunza jengo, na familia ikaishi kwenye chumba cha chini ya ardhi cha jengo hilohilo. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo na alikua akiongea Kiyidi. Akasoma, akafika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu sheria mwaka 1943. Huko alimsaidia profesa mmoja, Sheldon Glueck, kufanya utafiti juu ya uhalifu wa kivita, somo ambalo wakati huo lilikuwa na wasomaji wachache.

Alijiunga na jeshi kama askari wa kawaida wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokaribia kwisha alihamishiwa makao makuu ya Jeshi la Tatu la Marekani, kwenye kitengo kipya cha kukusanya ushahidi wa uhalifu wa kivita. Aliingia Buchenwald, Mauthausen na kambi nyingine zikiwa ndiyo kwanza zimekombolewa, maiti zikiwa bado hazijazikwa. Katika kila kambi alikimbilia ofisi ya makarani kabla karatasi hazijachomwa, akachukua daftari za majina na vifo. Mazoea hayo ya kukimbilia karatasi kwanza ndiyo yaliyomjenga kuwa mwanasheria wa namna aliyokuja kuwa.

Mwaka 1946 alirudi Ujerumani akiwa raia, chini ya Telford Taylor, mwendesha mashtaka mkuu wa kesi 12 zilizofuata ile kesi kuu ya Nuremberg. Alipewa ofisi ya Berlin, ambako watafiti wapatao 50 walichambua mafaili ya serikali ya Hitler. Mmoja wao aliibuka na majalada ya ripoti za siri zilizotumwa kutoka uwanja wa vita wa mashariki. Waandishi wake walikuwa makamanda wa Einsatzgruppen, vikosi vinne vyenye watu wapatao 3,000 vilivyoingia Muungano wa Kisovieti nyuma ya jeshi kuanzia Juni 1941. Kazi yao ilikuwa kuua Wayahudi, wanaume kwa wanawake na watoto, pamoja na wengine waliohesabiwa kuwa maadui wa utawala wa Nazi.

Ripoti hizo ziliandikwa kama taarifa ya stoo: tarehe, mji, kikosi, idadi. Iliyohusu Kiev ilitaja Wayahudi 33,771 kwa siku mbili, 29 na 30 Septemba 1941, waliopigwa risasi kwenye bonde la Babyn Yar. Ferencz alichukua mashine ndogo ya kujumlishia, akaanza kuingiza namba, ukurasa baada ya ukurasa. Jumla ilipopita milioni moja aliacha kuhesabu. Alipanda ndege kwenda Nuremberg akiwa na mfano wa karatasi zile mkononi. Taylor alisita, kwa kuwa mawakili wote walikwisha kupangiwa kesi na fedha zilikwisha kugawanywa. Ferencz akasema ataifanya mwenyewe, juu ya kazi aliyokuwa nayo. Hivyo kijana wa miaka 27, ambaye hakuwa amewahi kusimama mahakamani, akawa mwendesha mashtaka mkuu wa kesi kubwa kuliko zote za mauaji.

Kesi iliitwa Marekani dhidi ya Otto Ohlendorf na wenzake. Ilifunguliwa Septemba 1947. Watu 24 waliandikiwa mashtaka; mmoja alijiua na mwingine akaondolewa kwa ugonjwa, wakabaki 22. Waliofika kizimbani walikuwa wachache sana kati ya wauaji wote, na Ferencz aliwachagua kwa vyeo na elimu. Wengi walikuwa wasomi, wakiwemo wanasheria kama yeye. Kwa kuwa alikuwa na kimo cha futi tano na kidogo, alipanda juu ya rundo la vitabu ili aonekane nyuma ya meza ya kuzungumzia. Hakuita hata shahidi mmoja wa mauaji. Alisoma ripoti zao wenyewe, na kwa siku mbili tu upande wa mashtaka ukafunga ushahidi. Utetezi ulikwenda kwa miezi. Aprili 1948 wote 22 walitiwa hatiani, na 14 kati yao wakahukumiwa kunyongwa, ingawa Ferencz mwenyewe hakuiomba adhabu ya kifo. Katika hotuba yake ya ufunguzi aliiomba mahakama ithibitishe haki ya kila binadamu kuishi kwa amani na heshima, bila kujali asili wala imani yake.

Kwa mizani ya mwendesha mashtaka, huo ni ushindi usio na doa. Lakini ukiutazama kutoka upande wa waliouawa, kuna jambo linalouma. Kesi ilikuwa na nguvu kwa sababu ilisimama juu ya karatasi za wauaji, na kwa sababu hiyohiyo hakuna mjane wala yatima aliyesikika ndani ya chumba kile. Namba 33,771 ilisomwa, majina hayakusomwa. Mahakama haikuwa na uwezo wa kumpa yeyote aliyenusurika hata kitanda cha kulalia. Adhabu zenyewe pia ziliyeyuka. Kati ya wale 14, walionyongwa mwaka 1951 ni wanne; wengi wa waliobaki walipunguziwa, na kufikia mwaka 1958 hakuna hata mmoja wa waliohukumiwa katika kesi hiyo aliyekuwa bado kifungoni. Walionusurika walikuwa wangali kwenye foleni za fidia.

Ferencz alikwisha kuhamia kwenye foleni hizo tangu 1948, mwaka uleule wa hukumu. Jumuiya za Kiyahudi ziliunda shirika la kurithi mali zisizo na warithi katika eneo la Ujerumani lililokuwa chini ya Wamarekani, naye akapewa kuliongoza. Jambo lililokuwa likishindaniwa linaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kushughulika na mirathi. Kwa sheria za kawaida, mtu akifa bila mrithi mali yake huangukia serikali. Nchini Ujerumani familia nzima zilikuwa zimefutwa, babu hadi mjukuu. Kanuni ya kawaida ingefuatwa, dola iliyowaua ndiyo ingewarithi.

Sheria namba 59 ya utawala wa kijeshi wa Marekani, iliyotoka Novemba 1947, ililifunga pengo hilo kwa kuruhusu shirika kudai kwa niaba ya waliokufa. Iliweka pia kanuni nyingine iliyomfaa sana mdai: mali iliyotoka mikononi mwa mtu wa kundi lililoteswa kati ya 30 Januari 1933 na 8 Mei 1945 ilichukuliwa kuwa imeporwa, mpaka anayeishikilia aonyeshe vinginevyo. Kwa mtu aliyetoka kwenye mashtaka, ambako mzigo wote wa kuthibitisha huwa mabegani mwake na hautui mpaka shaka iishe, hapo mizani ilikuwa imegeuka. Taabu ilikuwa muda. Madai yalitakiwa yawe yamefikishwa ofisini kabla ya mwaka 1948 kwisha. Watu wa Ferencz walitawanyika kwenye ofisi za ardhi za miji na vijiji, wakipekua daftari za umiliki kutafuta kila uhamisho uliofanywa na Myahudi tangu Wanazi waingie madarakani. Duka, shamba, nyumba, sinagogi lililobaki gofu. Kila kimoja kilihitaji fomu yake. Ustadi ni uleule wa Berlin, kusoma karatasi za aliyedhulumu na kuzifanya ziseme. Safari hii mwisho wa kila ukurasa palikuwa na kitu cha kumrudishia mtu au jumuiya yake.

Baadaye kulikuja madai ambayo si ya mali. Mwaka 1952 wajumbe wa Israel, wa mashirika ya Kiyahudi na wa Ujerumani Magharibi walikutana Uholanzi kujadiliana, na Ferencz alikuwa miongoni mwa wanasheria wa upande wa wadai. Mkataba ulitiwa saini Luxembourg tarehe 10 Septemba mwaka huo: marki bilioni 3 kwa Israel, na marki milioni 450 kwa mashirika yaliyowahudumia walionusurika waliotapakaa duniani. Mazungumzo hayo yaliwagawa waliodhulumiwa wenyewe. Mwezi Januari maelfu walikuwa wameandamana Jerusalem hadi kwenye jengo la bunge na mawe yakarushwa, kwa sababu wapo walioona kuwa kupokea fedha ya Ujerumani ni kuuza damu ya ndugu zao. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na hakuna mwanasheria aliyeweza kuijibu kwa kifungu cha sheria. Waliokubali walisema kuwa mzee aliyetoka kambini akiwa hana mapafu wala mtoto anahitaji dawa leo.

Ujerumani ilitunga sheria za fidia kwa mtu mmojammoja, na ndani yake mateso yakapewa bei. Siku moja ndani ya kambi ya mateso ilihesabiwa kwa marki 5, yaani marki 150 kwa mwezi. Aliyedai kwa ajili ya afya alitakiwa kuleta vyeti vya daktari kuthibitisha kwamba ugonjwa wake umetokana na mateso na si maradhi ya kawaida. Watu waliovuliwa kila kitu mpaka jina waliombwa nyaraka. Ferencz alisimamia shirika la msaada wa sheria lililowahudumia wadai wa aina hii, wengi wao wakiwa fukara waliokuwa nchi za mbali. Makarani na mawakili wake walijaza fomu, walitafuta mashahidi, walikata rufaa. Kazi hii haina picha za magazeti. Mwendesha mashtaka hupata siku yake ya hotuba na chumba kikanyamaza kumsikiliza, ilhali wakili wa fidia huandika barua ya 40 kwa ofisi ileile kuhusu mama yuleyule, na mama huyo asipolipwa hakuna atakayeandika habari zake.

Ugumu ulizidi ilipofika zamu ya viwanda. Kampuni kubwa za Ujerumani zilikuwa zimewatumikisha wafungwa wa kambi bila ujira mpaka wakafa. Hapa ndipo ilipoonekana wazi alichokipoteza mwendesha mashtaka kwa kuhama. Nuremberg alikuwa na jeshi nyuma yake. Aliweza kukamata watu na kuvunja makabati. Sasa alikuwa na barua na ushawishi tu. Mkataba wa madeni ya Ujerumani uliosainiwa London mwaka 1953 uliahirisha madai yaliyotokana na vita, na mahakama za Ujerumani ziliutumia kuwafukuza wadai wengi. Mmoja, Norbert Wollheim, aliyetumikishwa Auschwitz, aliishtaki IG Farben mjini Frankfurt na kushinda mwaka 1953. Ushindi wake ukafungua mlango wa maafikiano ya mwaka 1957, ambapo kampuni hiyo ilikubali kutoa marki milioni 30. Krupp ilitoa milioni 10 mwaka 1959. Mwenye kiwanda Friedrich Flick aligoma, akafariki mwaka 1972 akiwa hajalipa chochote. Waliolipa wengi walisisitiza kwamba wanatoa kwa hiari na hawakiri kosa. Ferencz aliyaandika hayo yote katika kitabu chake cha mwaka 1979, Less Than Slaves, kwa hasira isiyofichwa. Mfuko mpana wa kuwalipa waliotumikishwa, wa marki bilioni 10, ulianzishwa na serikali ya Ujerumani pamoja na viwanda vyake mwaka 2000, zaidi ya nusu karne baada ya vita. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa.

Ferencz alirudi Marekani na familia yake mwaka 1956, akafanya kazi ya uwakili jijini New York pamoja na Taylor. Mnamo miaka ya 1970, vita vya Vietnam vikiendelea kwenye taarifa za habari, alianza kuiacha kazi hiyo ya kulipwa. Mashtaka yalikuwa yamemfundisha kuadhibu, na fidia ilimfundisha kuponya kidogo; zote mbili humfikia mtu akiwa amekwisha kuumia. Alitaka sheria itangulie. Akawa mgeni wa kila mara kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa, bila mshahara, akiwasumbua wanadiplomasia kwa mambo mawili: vita vya uvamizi vipewe tafsiri ya kisheria, na kuwe na mahakama ya kudumu ya kuwashtaki wakubwa. Baraza Kuu lilikubaliana juu ya tafsiri ya uvamizi Desemba 1974. Mahakama ilichelewa zaidi.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya kisa hicho. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliweka mahakama maalumu Arusha. Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hata hivyo Arusha ilirithi upungufu wa Nuremberg. Ilikuwa na uwezo wa kufunga watu, haikuwa na uwezo wa kuwalipa fidia walionusurika. Wanawake waliosafiri kutoka Rwanda kutoa ushahidi walirudi na maneno ya hukumu tu.

Mkataba wa Roma wa Julai 1998, uliopitishwa kwa kura 120 dhidi ya 7, ulijaribu kuziunganisha kazi mbili ambazo Ferencz alizifanya kwa zamu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyotokana nao ina mwendesha mashtaka, lakini pia inamruhusu mwathirika kuwa na wakili wake ndani ya kesi, inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, na ina mfuko wa waathirika. Congo, Uganda na Tanzania zilijiunga mwaka 2002, Kenya mwaka 2005. Kosa la uvamizi liliwekewa maneno yake Kampala, mwaka 2010.

Kesi ya kwanza ya mahakama hiyo kufika hukumuni ilitoka Ituri, mashariki mwa Congo, na baadhi ya mashahidi walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili. Mshtakiwa, Thomas Lubanga, alidaiwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Tarehe 25 Agosti 2011, upande wa mashtaka ulipotoa hoja zake za mwisho mjini The Hague, mmoja wa waliosimama kuzungumza alikuwa Ferencz, mwenye umri wa miaka 91, akirudi kwenye meza ya mashtaka aliyoiacha mwaka 1948.

Lubanga alitiwa hatiani Machi 2012 na kufungwa miaka 14. Desemba 2017 mahakama ilipanga fidia ya dola milioni 10 kwa waliokuwa watoto wale. Yeye mwenyewe alionekana hana kitu, ikabidi fedha zitafutwe kupitia mfuko wa waathirika. Alimaliza kifungo chake Machi 2020. Ferencz alifariki Florida tarehe 7 Aprili 2023, akiwa na miaka 103, wa mwisho wa waendesha mashtaka wa Nuremberg. Siku hiyo Lubanga alikuwa huru kwa miaka mitatu, na huko Ituri kazi ya kuwafikia waathirika wake, mmoja baada ya mwingine, ilikuwa bado inaendelea.